Mbinga Msimu Umekata: Nenda Wakati Wengine Wamerudi

Vijana wa mjini tuna ugonjwa mmoja, tusifichane. Tunapenda kwenda mahali wakati kila mtu anakwenda. Sabasaba wote viwanjani, Pasaka wote Bagamoyo, Krismasi wote Moshi hata wale ambao hawana ndugu hata mmoja huko. Tukikuta foleni tunasema hapa ndipo kwenye raha. Tukikuta kimya tunasema pamedoda, tunageuza.

Usidhani ni sisi tu. Hata wazungu wana ugonjwa huo huo. Angalia Mlima Kilimanjaro. Watu wanamiminika Januari na Februari, kisha tena kuanzia Juni mpaka Oktoba, wanapigana vikumbo kwenda kupiga picha kwenye ile mita 5,895. Masika yakianza Aprili, kimya. Wapagazi wanarudi kwao kupalilia migomba.

Lakini kuna hifadhi moja ya milimani ambayo inawaumbua hawa wa kufuata msimu. Inaitwa Kitulo, kule juu kati ya Mbeya na Njombe, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ina zaidi ya aina 350 za mimea, na okidi peke yake ni aina 45. Sasa sikia utamu wake: maua yale yanachanua kuanzia Desemba mpaka Aprili, wakati wa mvua, wakati mtalii yuko kwao anaota moto. Akija Agosti na kamera yake ya bei mbaya anakuta nyasi na baridi. Yaani msimu wa watalii na msimu wa mlima ni vitu viwili tofauti, havisalimiani.

Hilo ndilo lililonifanya nikapanda basi mwezi wa tatu kwenda Mbinga, mkoani Ruvuma, badala ya kusubiri Julai kama watu wenye akili zao. Rafiki yangu mmoja ni mtoto wa huko, akaniambia twende kwa baba yake mdogo. Washikaji wakanicheka: "Mwezi wa tatu? Mvua yote hii? Unakwenda kutafuta nini?" Leo nawajibu.

KAHAWA NDIYO KALENDA

Kutoka Dar mpaka Songea ni kama kilomita 950 kwa njia ya Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe. Kiuno kinaijua kila moja. Kutoka Songea unaendelea magharibi kama kilomita 100 ndipo unaingia Mbinga. Siku hizi ni lami, unateleza. Wazee watakusimulia zamani hizo, kipindi kama hiki, gari lililala njiani siku mbili na abiria wakageuka mafundi, wasukumaji na wapishi.

Unajua umefika pale unapoona milima haiishi. Ukimaliza mmoja kuna mwingine nyuma yake unachungulia. Hii ndiyo nchi ya Wamatengo. Ukisimama stendi ukaita "Ndunguru!" watageuka watu wengi, ukiita "Komba!" watageuka waliobaki. Kapinga na Nchimbi nao wapo, usijali.

Watu wa Mbinga hawana msimu wa watalii. Wana msimu wa kahawa, na huo ndio unaoendesha kila kitu. Kahawa iliingia milima hii katika miaka ya 1920, na tangu hapo mwaka wa Mmatengo una pande mbili. Kuanzia mwezi wa saba hivi kahawa inachumwa, mwezi wa tisa na wa kumi pesa inatembea. Hapo ndipo utaona harusi, mabati mapya, pikipiki mpya bado zina nailoni kwenye siti. Gesti zinajaa, muziki mpaka asubuhi. Mgeni akija wakati huo anarudi mjini anasema, "Aisee, Mbinga kuna pesa!"

Mwezi wa tatu hakuna hayo. Kahawa iko mtini, mibichi, kijani kama shanga. Mfukoni hakuna kitu. Gesti niliyofikia usiku wa kwanza, mhudumu alinipa chumba cha 25,000 kwa 15,000 kabla sijafungua mdomo kuomba punguzo. Alikuwa anashukuru tu kumwona mtu mwenye begi.

MASHIMO YENYE AKILI

Kesho yake tukapanda kijijini. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba unasikia jogoo lakini huoni banda. Saa nne ukafunguka, na hapo nikaelewa kwa nini nilikuja mwezi wa tatu.

Mlima wote wa mbele yetu ulikuwa umechorwa. Mashimo kwa mashimo, yamepangana kama sega la nyuki, kutoka kileleni mpaka bondeni. Hayo ndiyo ngoro. Kama ulisoma jiografia ukakariri "makinga maji" ukafaulu ukasahau, hapa utaiona kwa macho yako.

Kazi yenyewe inafanyika wakati huu huu, mvua zinapoelekea ukingoni. Wanaume wanafyeka nyasi, zikikauka kidogo wanazilaza kwa mistari inayokatizana, mraba kwa mraba. Kisha wanawake wanaingia na majembe, wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kufukia zile nyasi. Katikati panabaki shimo, pembeni panakuwa tuta. Maharage yanapandwa juu ya tuta, na msimu unaofuata yanakuja mahindi. Nyasi zinaoza chini kwa chini zinakuwa mbolea. Mvua ikinyesha, maji yanaingia shimoni yanatulia, hayapati nafasi ya kukimbia na udongo.

Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anachimba, "Shikamoo mama. Hii kazi mnamaliza lini?" Akanyoosha mgongo, akacheka, "Marahaba mwanangu. Kwani kula unamaliza lini?"

Baba mdogo alinieleza walivyofika hapa. Karne ya 19 Wangoni walikuwa moto wa kuotea mbali, na Wamatengo wakajibana milimani, sehemu za Litembo na kuzunguka. Watu wengi, ardhi kidogo, tena imeinama kama paa la nyumba. Ukilima ovyo, mvua moja inashusha shamba lako lote kwa jirani. Ngoro ndiyo iliyowawezesha kulima miinuko ile mwaka baada ya mwaka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Kyoto, Japani, walikuja kuichunguza katika miaka ya 1990, kwenye vijiji kama Kindimba. Mjapani anatoka kwao kuja kusoma shimo la Mmatengo, wewe wa Kinondoni unasema kule bushi!

Halafu kuna kitu wanaita ntambo. Ni ukanda wa mlima unaoanzia juu kwenye msitu mpaka chini mtoni, ukoo mmoja unaishi humo. Juu miti, katikati nyumba na kahawa, chini bustani za bondeni. Kila kitu kimo. Ukiwa na ntambo huhitaji kuhama. Tatizo ni kwamba ukoo unaongezeka, mlima hauongezeki.

MTU MWENYE DAFTARI

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo mgeni wa Septemba haoni kabisa.

Jioni ya siku ya pili tumekaa jikoni tunaota moto, tunakula ugali na maharage. Binti wa baba mdogo alikuwapo, miaka ishirini hivi, anasomea uuguzi. Nikajiuliza mbona yuko nyumbani katikati ya muhula. Baadaye rafiki yangu akaninong'oneza: ada ya muhula wa pili haijalipwa, chuo kimemwambia arudi akiwa nayo.

Mara hodi. Akaingia bwana mmoja na gambuti, koti la mvua na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Akakaribishwa ugali, akala. Akauliza habari za mvua, habari za mifugo, habari za mgeni, yaani mimi. Dakika ishirini nzima hajasema alichofuata. Kisha akamtazama binti, akatazama moto, akasema taratibu, "Kaka, mambo ya shule haya yanataka pesa ya haraka. Mimi nipo."

Hiyo ndugu msomaji inaitwa magoma. Ndiyo biashara ya nje ya msimu. Mwenye pesa anakuja wakati huna kitu, ananunua kahawa yako ingali mtini. Anakupa pesa leo, kahawa utampa ukivuna. Bei mnayoelewana mwezi wa tatu ukiilinganisha na ile utakayoiona mwezi wa tisa, unaweza kulia. Kagera wanaijua kwa jina la butura. Majina mawili, kilio kimoja.

Viongozi wameipiga marufuku mara nyingi, mikutanoni wanaikemea. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ya wakulima ipitie vyama vya msingi, AMCOS, kisha iende mnadani. Sawa kabisa. Lakini mnada unataka kahawa kavu, na kahawa kavu haipo mwezi wa tatu. Ada ipo mwezi wa tatu, na ugonjwa nao haujui kalenda.

Wazee wanakumbuka chama chao kikuu cha ushirika, MBICU. Kilikuwa kinawakopesha pembejeo, mkulima anakatwa akiuza. Kilianguka katika miaka ya 1990, na mkopo ukaondoka nacho. Nafasi haikai wazi. Mtu mwenye daftari akaingia.

Na nikuambie ukweli, yule bwana hakuwa shetani. Alikuwa mpole, anajua majina ya watoto wote. Hicho ndicho kilichonitisha. Angekuja na mikwara baba mdogo angemfukuza. Amekuja na suluhisho mkononi, pesa taslimu, usiku ule ule. Utafanyaje?

Baba mdogo alinyamaza muda mrefu. Akachochea moto. Akasema, "Nimekusikia ndugu yangu. Nipe siku mbili." Bwana akafunga daftari lake, akashukuru kwa chakula, akaondoka na tochi yake kuelekea nyumba ya jirani. Nyumba ya jirani nako waliitikia hodi.

Usiku huo hakuna aliyecheka tena. Mama mdogo akasema jambo moja tu: "Mwaka juzi tulimpa magunia matatu. Tukavuna, tukabeba, tukampelekea. Watoto wakaniuliza, mama, mbona tumevuna na hatuna kitu?"

KUSHUKA NYASA

Asubuhi mimi na rafiki yangu tukateremka ziwani, maana wenye nyumba walihitaji nafasi ya kuzungumza bila mgeni. Kutoka Mbinga mjini mpaka Mbamba Bay ni kilomita 66, nayo sasa ni lami. Usidharau hizo 66. Unaanzia kwenye zaidi ya mita elfu moja mia tatu, unamalizia chini ya mia tano. Kona juu ya kona, masikio yanaziba yanazibuka. Unaanza safari na sweta, katikati unalivua, ukifika unatamani kuvua na shati.

Kisha kona moja inafunguka na Ziwa Nyasa lote liko miguuni mwako. Mwenzangu aliyelizoea naye alinyamaza.

Hili ni ziwa la tatu kwa ukubwa Afrika, kina chake kinafika kama mita 700, na aina za samaki zilizomo ni nyingi kuliko ziwa lolote duniani. Wale wadogo wa rangi rangi wanaokaa kwenye mawe wanafugwa kwenye vioo Ulaya na Marekani, watu wanawanunua kama mapambo. Pale Mbamba Bay unawaona bure, unainama tu juu ya maji. Hii ni wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Hata ugali unabadilika: juu ulikuwa wa mahindi, huku wa muhogo. Kitoweo ni usipa, magege, na ukibahatika mbasa wa kuchoma. Mbasa sitamweleza. Nenda.

Sasa rudi kwenye habari ya msimu. Wanaokuja Juni, Julai na Agosti wanakimbia mvua wanakutana na upepo. Kipindi hicho unavuma upepo wa kusini, wavuvi wanauita mwera, ziwa linachafuka mpaka mitumbwi inabaki mchangani. Mwezi wa tatu asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya kwenye beseni. Milima ya Livingstone inaonekana kaskazini mpaka unahesabu makorongo. Saa tisa mchana radi, mvua ya dakika arobaini, halafu jua. Siku moja tukaona kitu kama moshi kinapanda katikati ya maji, nikadhani meli inaungua. Wakanicheka. Ni kungu, vijidudu mamilioni kwa mamilioni vinaruka kwa pamoja. Watu wa ziwa hili wamezoea kuvikusanya na kuvila.

Lakini huku nako nje ya msimu ina bei yake. Usipa anakaushwa juani, na jua la mwezi wa tatu halina uaminifu. Nilimwona dada mmoja anaanua, anaanika, anaanua, mara sita kwa siku. Wakilowa sana wanaharibika, kazi ya usiku mzima ya mume wake inaliwa na kuku. Nikanunua kilo mbili ambazo sikupanga kununua.

Tukafika mpaka Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay. Pale kuna jiwe kubwa linaloitwa Pomonda. Wajerumani waliliona linafanana na lile sanamu la Misri, wakapaita Sphinxhafen. Agosti 1914 pale palitokea kituko cha dunia. Mwingereza alikuwa na meli yake ya Guendolen, Mjerumani na yake ya Hermann von Wissmann. Manahodha wao, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Vita ya Kwanza ikatangazwa, habari zikamfikia Mwingereza kwanza. Akaja Liuli, meli ya mwenzake ikiwa imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, akaipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alipanda kimtumbwi akaja juu kwa hasira kuuliza, rafiki yangu vipi, umelewa? Akaambiwa kuna vita, akachukuliwa mateka. Kule London wakaandika ni ushindi wa majini! Sisi wa uswahilini tunajua jina jingine la kumpiga mtu ambaye hana habari.

Mbele zaidi ni Lituhi, nyumbani kwa Kapteni John Komba wa TOT, aliyefariki mwaka 2015 na kuzikwa huko. Mto Ruhuhu uko hapo hapo, nao una mamba. Usiende kujifanya unajua kuogelea.

UKITAKA KWENDA

Sikudanganyi kwamba ni raha tupu. Chukua gambuti au viatu usivyovipenda. Chukua sweta kwa ajili ya Mbinga na chandarua kwa ajili ya Nyasa, mbu wa ziwani hawana likizo. Uliza wenyeji pa kuogea, maana kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na mamba wapo midomoni mwa mito. Panga siku mbili za ziada, kwa sababu mvua ikiamua, imeamua. Kama unataka kurudi kwa maji kupitia Kyela, ulizia ratiba ya meli bandarini mapema, usiamini ya kuambiwa baa.

Na usingoje sana. Mkataba wa kujenga bandari mpya ya Mbamba Bay ulisainiwa mwaka 2023. Lami imefika, bandari ikifuata, wenye mahoteli nao wanajua njia. Siku hiyo kutakuwa na msimu na foleni, na wewe ndipo utakaposema sasa kumechangamka.

Pesa yako ya mwezi wa tisa Mbinga ni tone baharini, inaingia kwenye pesa nyingine inapotea. Pesa hiyo hiyo mwezi wa tatu ina uzito mwingine. Chumba cha gesti, kilo mbili za usipa, mkungu wa ndizi wa yule mama wa ngoro, nauli ya pikipiki: hiyo ni pesa ya kwanza kuingia kwenye nyumba ile wiki nzima. Haimalizi magoma, sijasema hivyo. Lakini kila shilingi inayoingia mwezi wa tatu inampa mtu nguvu ya kusema "nipe siku mbili" badala ya kusema "haya, andika".

Tuliporudi kutoka ziwani banda la baba mdogo lilikuwa na nafasi. Nguruwe wawili wakubwa walikuwa wameondoka na mchinjaji wa mjini. Wewe unayekula kitimoto Ijumaa na ndizi na pilipili, ujue kuna mahali mnyama huyo ni benki. Hela haikutosha yote, ikatosha sehemu, na chuo kikakubali sehemu. Kahawa ikabaki mtini, ya kwao, kijani vile vile. Binti tukapanda naye gari moja mpaka Songea, sanduku lake la bati juu ya magoti yangu kwa sababu nyuma kulijaa. Mwenye daftari alikuwa stendi, akatupungia mkono vizuri tu. Alikuwa anangoja pikipiki ya kumpandisha kijiji kingine.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na matope yakiruhusu.